Kiko Njiani

Maktaba ya Katoyi ni chumba kimoja cha mbao
juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa moto.
Ukivaa ndala nyembamba, jiwe linakuuma mpaka mlangoni;
wasomaji wa hapa utawajua kwa mwendo,
wanachechemea kidogo, kama waliokanyaga siri.

Ndani, rafu nne, benchi mbili,
na miwani moja ya kusomea iliyofungwa kamba msumarini
kama mbuzi.
Wenye macho mazito hupanga foleni kwenye benchi ile,
kila mtu akingoja zamu yake ya kuona.

Mvua ikipiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake.
Ndiyo saa pekee sheria ya kimya inapofuatwa.

Mimi sikwenda kusoma, niseme ukweli.
Nilibeba, ndani ya mfuko wa unga,
kitabu cha kutengeneza redio
alichoazima kaka yangu Muhindo
wiki moja kabla ya mlima kupasuka
na mtaa mzima kushika njia ya Sake, magodoro kichwani.
Kitabu kilirudi.
Habari za Muhindo sizisimulii hapa.

Mama Kavugho akafungua daftari:
jina, kitabu, tarehe.
Na pale ambapo mwingine angeandika "kimepotea"
yeye ameandika, wino wa bluu, mstari chini ya mstari,
kiko njiani.
Kiko njiani. Kiko njiani.
Ukurasa mzima wa vitabu vinavyotembea:
cha hesabu, cha magonjwa ya kuku,
kamusi isiyo na herufi A,
nikaviona vikipanda Mushaki juu ya chukudu
katikati ya sufuria na mtoto aliyelala.

Nikauliza faini.
"Franka hamsini kwa wiki." Akahesabu kwa vidole,
akafika mwaka wa pili, vidole vikamchosha.
"Basi, kesho leta ufagio."

Akakata "kiko njiani" kwa rula.
Akaandika "kimefika".
Kalamu ikasogea kwenye jina la Muhindo,
ikasimama hapo, ikaacha nukta.
Daftari lile halina safu ya watu.

Kisha akakifunua kitabu, akakunja uso.
Penseli, kila ukingo. Maandishi ya kaka yangu
yanayoinama kama mtu anayepanda Buhimba na bidoni.
Sheria ya nne, ipo ukutani: Usiandike kitabuni.
Akanipa ufutio uliolika nusu
akanionyesha benchi.

Nikafuta "nunua risasi",
yaani ile ya kuchomelea nyaya;
siku hizi neno hilo lazima ulifafanue.
Nikafuta deni la vocha.
Nikafuta Riziki, Riziki,
na Riziki wa tatu aliyechorewa ua.
Taka za ufutio zikanijaa magotini, nyeusi, laini,
kama vile vumbi lililotunyeshea usiku ule toka mlimani.

Ukurasa wa arobaini na moja,
kando ya mchoro wa nyaya uliosokotana kuliko vichochoro vyetu,
aliandika maneno mawili:
hapa sielewi.

Niliushusha ufutio. Niliunyanyua.
Niliushusha.

Mama Kavugho akakagua, ukurasa kwa ukurasa,
miwani puani, kamba ikimvuta sikio.
Alipofika arobaini na moja akakaa muda mrefu
kuliko unavyohitaji muda kusoma maneno mawili.
Akafungua arobaini na mbili.

Mlangoni alikuwapo Bauma, kijana wa chukudu,
suruali imechafuka makaa hadi mapajani.
Alikingoja kitabu hicho tangu mwaka jana.
Akakifunua pale pale, amesimama,
vidole akivifuta kwanza kwenye shati.

"Nani huyu haelewi?"
"Kaka yangu."
Akautazama mchoro. Akaugeuza kitabu juu chini, akaugeuza tena.
"Hata mimi," akasema,
akaomba kalamu, akatia sahihi.